Risasi Sita za Meneja

Fundi wa magobore wa Chanika hana haraka na risasi. Huifuta kwa kitambaa, huibingirisha kiganjani, kisha huyapapasa maandishi ya kitakoni kwa ukucha wake uliopasuka. Nilimpelekea sita, nilizozikuta kwenye sanduku la marehemu baba.

"Shikamoo mzee. Za nini hizi?"

"Marahaba. Za bastola. Nene na butu namna hii alikuwa nazo meneja mmoja tu wa mkonge, kule Korogwe." Ukucha ukaendelea kusugua. "Ziliibwa. Akafungwa baba yangu, akafia gerezani."

Akanirudishia zote.

"Zipeleke polisi, mwanangu. Useme umezikuta kwa nani."

Nilizipeleka. Nikaandikisha kwamba nimeziokota shambani.