Nimelala Nikifundisha Kupumzika

Leo nimelala katikati ya somo. Na somo lilikuwa langu.

Chekeni tu, lakini mniambie kama imewahi kuwapata.

Niko na kikundi cha akina mama huku Kiandutu. Mmoja akipigwa ama akifungiwa nyumba kwa kukosa kodi, tunaenda naye wote hadi kwa chifu. Leo nilikuwa niwafundishe kujitunza, juu tumechoka sana.

Nikawaambia wafunge macho, wavute pumzi polepole.

Nikafunga yangu ndio waone vile inafanywa.

Hapo ndipo nilienda.

Mvua ilikuwa inagusa mabati polepole. Mtu alikuwa anachambua maharagwe. Nikajiona naelea juu ya mashamba ya mananasi, mwepesi, simu hailii.

Kuamka, nimefunikwa leso tatu. Wanawake kumi na wawili wananong'ona kama wako na mtoto mchanga.

Nikaanza kuomba msamaha. Katibu wetu, Mama Shiro, akanikatiza.

"Tulia, nishaandika."

Akanionyesha kitabu cha mkutano:

"Mwalimu alifundisha kwa vitendo. Wanachama wakamwangalia hadi akamaliza."