Kulia Tisa, Kushoto Kumi na Nne

Mkasa huu ulinigharimu, pengine, posa ya mpwa wangu, kofia moja ya kushonwa kwa mkono (kwa siku nne), na heshima niliyoikusanya kwa miaka hamsini na miwili. Nimehesabu mara mbili, ni hivyo hivyo. Nasimulia mwenyewe kwa sababu Bi. Mwanahawa ameshasimulia kuanzia Mbegani mpaka sokoni, na kwake nimetoka mbaya kuliko nilivyo (kidogo tu).

Mimi ni dalali wa viwanja Mapinga. Masika iliyopita, matope yalipofukuza wanunuzi, mpangaji wangu Rehema, binti mtafiti wa sokwe wa misitu ya magharibi, aliniomba nimsaidie kuhesabu. Alikuwa na video za sokwe wakizungumza kwa mikono: huyu ananyoosha kiganja kuomba tunda, yule anajikuna kwa kishindo kumwambia mwenzake njoo unichambue manyoya. Alichotaka kujua ni mkono upi, maana wataalamu wanabishana hadi leo kama sokwe ana mkono aupendao anapozungumza, na kila video lazima ihesabiwe tena na mtu wa pili asiyeiona hesabu ya kwanza. Nikamwambia hapo umefika. Sharti lilikuwa moja: sokwe akiwa ameshika tawi kwa mkono mmoja, ishara ya mkono wa pili haiandikwi, kwa sababu hakuchagua.

"Mkono usiochaguliwa hauhesabiwi, baba," alinionya.

Baada ya wiki tatu nilikuwa simtazami mtu usoni tena, natazama mikono tu.

Ndipo Idrisa, mpwa wangu, akanituma ushenga kwa Mzee Mwinshehe wa Mbegani, kumposa binti yake Zuhura. Kijana amempenda miaka minne, nyumba ameshaifikisha kwenye linta, na nyumbani tuliafikiana kwamba hakuna wa kupatana mahari kama mimi. Nikabeba daftari niandike watakayotaja, kilemba cha baba, mkaja wa mama na kadhalika, na daftari lenyewe ni lile lile la sokwe. Hapo ubahili ukaniponza: ukurasa ulikuwa umebaki nusu, nikaona kufungua mwingine ni kupoteza karatasi.

Mzee akaanza kutaja, na macho yangu yakaanza kazi yake. Maneno ya adabu aliyasema kwa mkono wa kulia, lakini akifika kwenye jambo analolitaka kweli, wa kushoto unachomoka wenyewe. Kwa dalali, hiyo ni hazina! Alipotaja kitanda cha mninga kwa kulia, nikajua kinapunguzika. Aliposema "mwanangu asiachishwe ualimu," kushoto, nikajua hapo hapaguswi. Nikawa naweka vijistari, kimoja kimoja.

"Mshenga," akaniita Bi. Mwanahawa, dada wa Mzee Mwinshehe, "tumetaja vitu vinne, wewe umechora mistari ya kuzunguka baraza nzima. Unajenga uzio?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, na kabla sijamaliza kucheka daftari lilikuwa mkononi mwake. Akasoma kwa sauti ya mtu aliyezoea maulidi: "Sokwe dume, mzee. Anaomba. Kulia..." akahesabu kwa kidole, "tisa. Kushoto, kumi na nne."

Ningenyamaza, pengine ningepona. Nikasema, "Hapana, Bi, sokwe ni ile ya wino wa bluu. Mzee ni hii nyeusi."

"Toka," akasema Bi. Mwanahawa. "Toka na sokwe wako."

Lakini lililonichoma si hilo. Nilimwona Mzee Mwinshehe akiuingiza mkono wake wa kushoto chini ya paja na kuukalia, taratibu, kama mtoto aliyekanywa. Nikaondoka kichwa wazi, kofia nimeiacha mkekani. Idrisa hakunitukana, aliuliza tu, "Mjomba, ulikuwa unahesabu nini?" Afadhali angenitukana.

Siku ya nne mzee akaja mwenyewe Mapinga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakataa kiti. "Hao sokwe wa kushoto, wenzao huwafanyaje?"

"Hawawafanyi kitu, mzee. Anayeombwa hutazama anachoombwa."

Akautazama mkono wake wa kushoto. "Mimi utotoni, chuo cha Kurani, nilifungwa huu kwa kitambaa, mpaka ule mwingine ukazoea. Silalamiki, ndiyo adabu. Ila nikisema la moyoni unatoka wenyewe. Sikujua kuna anayeuona."

Nikakumbuka sharti la Rehema, nikazifuta kichwani zile tisa zote za kulia. Mkono wa kushoto ulifungwa tangu utotoni, mimi nakaa barazani kwake naandika kana kwamba alichagua.

Nilianza kuomba radhi, naye akaitoa kofia yangu mfukoni, akanikabidhi kwa mkono wa kushoto, akaenda zake. Hakusema posa ipo, hakusema haipo.

Tangu siku hiyo nimeapa: kila kiumbe na ukurasa wake, na nikienda kuposa daftari linabaki nyumbani. Ila naomba mnishauri. Kwa mila zetu, akupaye kitu kwa kushoto amekudharau, basi shauri limekwisha. Kwa hesabu yangu mimi, kushoto ndiko anakosema kweli. Na mkono wake wa kulia, nimekumbuka mara mbili, haukuwa umeshika kitu. Idrisa yuko hapa mlangoni, ameshavaa kanzu. Nirudi Mbegani, au nisirudi?