Kamba ya Mkaguzi

Mkaguzi wa klabu ya roketi huvaa kamba ya kiatu shingoni. Hakuna roketi ya karatasi inayorushwa katika shamba lile la Kansas kabla hajaifunga kwenye kamba hiyo na kuizungusha hewani, aone kama pua inatangulia. Anapoikataa roketi, hubandua gundi iliyokauka vidoleni mwake. "Rudi nayo nyumbani, mama," alimwambia Verlene asubuhi ile, mbele ya foleni nzima. "Umeweka injini kubwa, umesahau kuongeza uzito puani." Verlene aliificha roketi yake chini ya koti.

Saa sita mkaguzi akarusha ya kwake, nayo ina injini mpya, kubwa. Hakuizungusha; nani angemkagua mkaguzi? Ilipanda hadi kimo cha ghala, ikageuka, ikatumbukia kwenye sufuria ya maharage kwenye meza ya chakula cha mchana.

"Leo pua imetangulia kweli, mzee!" mtu akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko.

Mkaguzi aliokota mapezi ya roketi yaliyolowa mchuzi, masikio yamemwiva kwa aibu. Kisha akavua kamba, akamwekea Verlene kiganjani bila kumtazama usoni.

"Mwezi ujao," akasema, "ukikagua, uanze na yangu."