Sumaku na Vumbi la Nduruma

Bisha uwezavyo, lakini sumaku inavuta vumbi. Nakwambia mimi, niliyeiaga shule kidato cha pili nikabaki na akili zangu zote.

Juzi, kwenye makumbusho hapa mjini, watoto kutoka kijiji cha Nduruma walimzunguka mama anayewafundisha sayansi kwa kuwashikisha vitu. Alikuwa na sumaku ya spika mbovu.

"Inavuta nini?"

"Misumari!" wakajibu.

Binti mmoja akasema, "Na vumbi la njiani kwetu."

"Muongo huyo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Binti akainama, machozi yakimlenga.

Mama hakumkemea mtu. "Nipe kiatu chako, mwanangu." Akakikung'utia kwenye karatasi, akamkabidhi sumaku. "Waoneshe."

Binti akaipitisha. Chembe nyeusi zikarukia sumaku, zikasimama kama nywele.

"Zina chuma," mama akasema. "Zilitoka tumboni mwa Mlima Meru, leo zimekuja na kiatu cha mwenzenu."

Binti akainua kichwa. Kazi ya namna hiyo naivulia kofia, na mimi sivui ovyo.

Haya, niliruka kipande. Aliyeanza kupaza sauti "Muongo!" ni mimi. Na kiatu cha pili kukung'utwa kilikuwa changu, soksi ikiwa na tundu, watoto wakicheka kwa zamu yao.