Makaboi Walipopiga Kula

Kila Jumamosi alasiri nilikuwa mfasiri wa sinema katika ukumbi mmoja wa Old Kampala. Nilisimama kando ya pazia nikigeuza Kiingereza cha makaboi kuwa Kiswahili, kwa kuwa nusu ya watazamaji walikuwa wanajeshi na wake zao. Nilitoka Kenya, na kwa Kiswahili changu nilikuwa na maringo. Majirani zangu wa Bwaise, ambao huchanganya r na l, waliponisalimu kwa "habali" niliwasahihisha papo hapo, bila kuombwa.

Siku hiyo picha ilihusu mji wa mpakani uliosumbuliwa na majambazi. Wakazi walikusanyika, wakainua mikono kumchagua mtu wa kuvaa nyota na kulinda amani. Nami kwa kiherehere changu nikatangaza, "Sasa wanapiga kura."

Jenerali aliyetutawala miaka ile hakupigiwa kura na mtu, na watu walikuwa wamepotea kwa maneno madogo kuliko hilo. Sajini mmoja wa makamo, mtu wa kaskazini, akasimama mstari wa mbele.

"Wewe mwalimu, hii watu napiga nini?"

Niliogopa, sifichi. Nikaazima upesi ulimi wa majirani niliozoea kuwacheka.

"Wanapiga kula, afande. Mwenye njaa anainua mkono."

Mungu si Athumani. Picha ikaruka, na wale wale wakaonekana mezani wakifakamia maharage. Watu wakaangua kicheko, sajini akakaa, nami nikaendelea kufasiri huku shati limenigandia mgongoni. Majambazi walipokwisha kufukuzwa mjini, nilifurahi kuliko wakazi wenyewe.

Picha ilipokwisha nilisimama mlangoni nikimpa mkono kila aliyetoka, hata watoto wachanga. Nilikuwa hai, na chai ilikuwa ikinisubiri nyumbani. Sajini alitoka wa mwisho. Alipoushika mkono wangu hakuuachia, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba watu wa kwao hawachanganyi r na l. Alikuwa amenisikia vizuri tangu mwanzo.

"Hata mimi nilipiga kula mara moja," alisema polepole. "Zamani, kabla ya hii yote. Tulipanga laini tangu asubuhi."

Kisha akaniachia, akaenda kumtafuta mke wake.