Funguo Ilienda Ubwari

Myezi sita nilikuwa nasafisha jina yangu. Leo nimeichafua mu dakika tano.

Munajua kikundi yetu ya bamama ya kuweka makuta, pesa yetu, hapa Baraka. Zamani nilichelewa kulipa deni, bakakatala kunikopesha tena.

Nikabadilika. Kila wiki mi njo wa kwanza kuweka, hata soda niliacha.

Sanduku yetu iko na kufuli tatu. Wiki yenye ilipita bakaniaminia funguo moja.

Leo balikuwa banikopeshe. Nikavaa kitenge mupya.

Kufuli ya kwanza, ikafunguka. Ya pili, ikafunguka.

Yangu sasa.

Funguo niliificha mu mufuko ya koti ya bwana yangu, sababu iko na zipu.

Na asubui bwana alivaa koti, akapanda mutumbwi, akaenda Ubwari, ngambo ya ziwa.

Mama Prezida wa kikundi hakukasirika. Alisema tu: "Amande. Ulipe faini."

Nikatoa makuta pale pale.

Mama Prezida akauliza: "Tutaweka wapi, mama? Sanduku imefungwa, na makuta hailale inje."

Akageukia sekretere: "Andika jina yake ku benye deni."

Muko Ubwari? Mukiona mwanaume wa koti ya bleu, mumufunge zipu vizuri, mumurudishe.