Kiwavi wa Mdimu

Uani mwa nyumba tunayopanga Mikindani mlikuwa na mdimu mmoja. Kwa miaka tisa niliandika daftarini kila mdudu niliyemwona juu yake: siku, upande wa jani, urefu kwa milimita. Sikuwa na mahali pengine pa kusomea. Nyuma ya ukuta ni makontena matupu.

Jirani yangu wa chini, wakala wa forodha pale bandarini Kipevu, hakuwahi kuutazama mti ule hadi alipomgusa kiwavi wa kijani, naye akatoa pembe mbili za rangi ya chungwa, kama wafanyavyo viwavi wa aina ile wakisumbuliwa. Jirani akapiga picha, akaiuliza simu ni mdudu gani. Kufikia alasiri nyumba nzima ilijua kwamba mdimu unazaa nyoka.

"Ulimi wake umepasuka, profesa," aliniambia. "Simu imethibitisha."

"Nyoka ana miguu?"

"Huyu bado mdogo."

Mtu huyu hupitisha mizigo ya watu kwa kusoma karatasi. Sijui huzisomaje.

Mwenye nyumba, mzee muungwana anayemwogopa kila mpangaji mwenye sauti kubwa, akaja na mkata miti. Nikamwomba wiki tatu. Ningemfuga kiwavi mmoja chupani, kibarazani, mbele ya macho yao. Akitoka kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, yule apitaye mbele ya pua zao kila asubuhi, mti ubaki.

"Na akitoka kitu chengine?"

"Ukate."

"Haya bwana. Inshallah."

Nilichuma mtini kiwavi mkubwa kuliko wote. Alijifunga kijitini kwa uzi, akavua ngozi, akawa ganda lisilosogea. Jumapili ganda lilipogeuka jeusi, dalili ya kukaribia kupasuka, wapangaji walileta viti.

Ganda likatoboka ubavuni. Akatoka nyigu mwembamba mwekundu.

Nilieleza kwamba nyigu yule hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi yule kutoka ndani.

"Kwa hivyo ndani ya kipepeo mna nyigu," alisema mama wa chumba cha pili. "Na ndani ya nyigu mna nini, baba? Mamba?"

Walicheka hadi viti vikalia. Wajinga, lakini mjinga mkubwa alikuwa ameshika chupa. Nyigu yule nilimwandika mwenyewe daftarini miaka mitatu kabla. Nilijua kwamba kiwavi hufugwa tangu yai, ndani ya chandarua, nyigu asimfikie. Nilichukua mkubwa kwa sababu nilitaka kuwanyamazisha upesi.

"Uniwie radhi," alisema mwenye nyumba. "Ulisema mwenyewe."

Jumatatu mdimu ulilala chini. Jirani aliokota ndimu za achari kwenye matawi ya nyoka wake, akajaza ndoo. Mimi nilipekua majani, nikapata mayai manne ya kipepeo. Tawi lililotiwa majini hukaa bichi wiki moja hivi. Viwavi hula wiki tatu.